Yadi Tisa

Nguo za watu mimi nazikata kama sukuma wiki.
Pale Kibuye, kibanda cha tatu kutoka kwa wauza ndoo,
mkasi wangu haujui haya:
sare za shule, buluu, kijani, drafti nyekundu,
Januari ikifika kidole gumba kinaota sugu juu ya sugu.
Mteja akiniletea kitambaa cha harusi
nakitandaza, napiga chaki, napitisha chuma,
huku namuuliza habari za watoto.

Lakini hiki.

Yadi tisa, rangi ya zambarau mbivu,
vijiua vyeupe vidogo kama bisi za mtama,
na ukingoni herufi za kiwanda, nusu zimefutika.
Baba alikuja nacho begani siku milango ilipofungwa.
Mshahara wa miezi miwili: kitambaa.
Mama hakusema neno. Alikinusa,
akakikunja mara nne, akatia vidonge vya kufukuza nondo,
akakilaza kwenye sanduku la bati
chini ya vyeti vyetu vya ubatizo.
"Akiba haiozi," alisema baadaye,
usiku ule tuliolala na uji.

Hakushona gauni. Hakushona pazia.
Dada yetu Akeyo akaolewa, kikabaki.
Mama mwenyewe tukamzika kwa nguo ya dukani,
kikabaki.

Mara ya kwanza nilikitoa, nikakipiga pasi, nikakirudisha.
Mara ya pili nilikata magazeti kuwa vipimo,
pembetatu arobaini na nane,
nikazipanga juu yake, zikapendeza mno,
nikaogopa, nikazitumia kuwashia jiko.
Mara ya tatu Kageha, fundi mwenzangu, alinikuta nimekiinamia.
"We! Hicho ni kitambaa au ni maiti?"
Nilicheka naye. Usiku sikulala.

Julai hii Baba anasikia baridi.
Kisumu yetu hii ya jasho, na yeye anatetemeka,
upepo wa ziwa umempata magotini,
blanketi lake jembamba kama la hospitali.
Nikasema, nitamshonea mfarishi.
Vipande vya sare ninavyo, gunia zima.
Kilichokosekana ni cha katikati.

Nikafungua sanduku.
Kwenye mkunjo, palepale Mama alipokunja,
kitambaa kilikuwa kimeachana chenyewe,
mpasuko mrefu, ulionyooka, bila mkasi, bila mtu.
Si nondo. Si panya.
Ni kukaa tu.

Nikakibeba hadi kitandani kwake.
Mitambo ilimla masikio, naye huongeleshwa kwa kupigiwa kelele.
"Baba! Nikikate?"
Akakunja uso. "Uketi?"
"NIKIKATE?"
"Keti basi!" akasema kwa hasira. "Kwani nani amekukataza?
Umesimama tangu asubuhi."

Nikaketi.

Mkasi ulipouma ukingo
sauti ilikuwa ileile ya kila siku, krr, krr,
kama ng'ombe anayetafuna nyasi kavu.
Mbingu haikuanguka. Jirani aliendelea kukaanga omena.
Nililia kidogo, kilio cha kawaida,
kisha nikapiga chaki mstari wa pili.

Sitajidai. Yadi mbili nimezirudisha sandukuni.
Uoga nao una haki ya kipande chake.

Jana usiku nilimfunika.
Kidole chake kilitembea juu ya zambarau,
kikavuka kijani cha shule, kikasita, kikarudi.
Kilikuwa kimepata fundo dogo kuliko chawa,
ambalo macho yangu, miaka yote hiyo, hayakuliona.
"Hapa," akasema kwa sauti kubwa ya viziwi,
"hapa uzi ulikatika, zamu ya usiku.
Nikaunga."